Mzinga wa Mvua

Mvua ya mwaka tisini na saba niliichapa kwa vidole vyangu mwenyewe. Sisemi hivyo kwa majivuno, ingawa majivuno kidogo yapo. Nilikuwa karani mchapaji katika ofisi ya hali ya hewa, na ile ilani ya Septemba ilipita mezani kwangu kabla haijafika redioni. Ilisema bahari ya upande mwingine wa dunia imepata joto lisilo la kawaida, na kwamba kuanzia Oktoba tutanyeshewa mvua ambayo hatujaiona kwa miaka mingi. Nilikosea neno "mafuriko" mara mbili, nikalifuta kwa wino mweupe, nikapuliza, nikachapa tena. Kwa hiyo jioni niliposhuka mtaani kwetu Umoja, Nairobi, na kusikia maneno yangu yakisomwa kwenye redio ya Kabiru kinyozi, nilisimama mlangoni pake nikitabasamu kama mama wa bibi harusi.

"Watu wa hali ya hewa tena!" Kabiru akasema, mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mteja. "Hao wakisema jua, wewe beba mwavuli."

Watu wote mle ndani wakaangua kicheko. Mteja alicheka hadi akanyolewa upande, na hilo likanipoza moyo kidogo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Jina langu ni Kavindu, mtaani naitwa Mama Makau, na mume wangu Mutie ni mpole kwa niaba yetu sote wawili. Nikikaa kimya kwa dakika tano, Mutie hunigusa paji la uso aone kama nina homa. Lakini safari hii sikutaka kuaminiwa ili nijisikie vizuri tu. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya kitanda kimoja.

Kitanda hicho kilikuwa mwisho wa kichochoro chetu, kule chini ardhi inakolala, katika nyumba ya rafiki yangu Qamar. Qamar aliuza leso na vitambaa mtaa wa Mbotela, na aliishi na mama yake, Bilan. Bilan alikuwa na miaka themanini hivi, macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe, na miguu yake ilikuwa imestaafu. Asubuhi Qamar alimwachia chai kwenye thamosi, redio karibu na mto, na mlango umerudishwa tu bila kufungwa ili majirani tuchungulie. Mwezi wa tano mwaka ule ilinyesha mvua ya kawaida kabisa, ya saa mbili, wakati sisi sote tuko kazini. Qamar aliporudi alikuta maji yamefika kwenye godoro na mama yake amekaa katikati, amejikunja, anatetemeka. Tukainua kitanda kwa matofali mawili kila mguu, tukaona tumefanya jambo.

Sababu ya maji yale ilikuwa sebule ya Mzee Ndolo.

Pale Umoja kila mtu huongeza nyumba. Unapewa vyumba, unaongeza jiko, unaongeza chumba cha mpangaji, mwisho unakuta dirisha lako linatazama dirisha lingine. Mzee Ndolo, dereva mstaafu wa lori mwenye masikio makubwa kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona, aliongeza sebule, na aliiongeza juu ya mtaro wa maji. Mtaro wenyewe ulikuwa mpana, mtu angeweza kulala ndani yake. Ndolo aliweka paipu nyembamba kama paja langu, akafunika kwa saruji, akapaka sakafu rangi nyekundu, akaisugua hadi paka wakawa wanateleza; maji yaliyokosa nafasi kwenye paipu yakawa yanashukia kichochoroni hadi kwa Bilan. Humo akapanga makochi saba, kila moja na kitambaa chake cheupe cha kufuma. Yote hayo ni kwa sababu binti yake, Nthambi, alikuwa ameposwa, na wakwe kutoka Machakos walikuwa wanakuja kwa ntheo. Kwetu Ukambani ntheo ni siku ya wakwe kuleta mbuzi; mbuzi hao wasipoliwa, hata mkizaa watoto kumi bado hamjaoana. Mzee Ndolo, mjane mwenye binti mmoja tu, alitaka mbuzi wa Nthambi wapokelewe kwenye sakafu inayong'aa.

Nilimwendea siku ile ile ya ilani.

"Baba Nthambi, sikuambii uvunje kuta. Vunja sakafu tu, mtaro upumue."

"Mama Makau, wakwe wanakuja tarehe nane Novemba. Nitawakalisha kwenye shimo?"

"Na maji yakija?"

"Si yatapita kwa paipu? Paipu ni ya nini?"

Kisha akanikaribisha chai. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana mtu mbaya unamtukana unapumzika. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akimpelekea Bilan tende, anaziacha mlangoni na kuondoka. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hajawahi kuwa ndani ya chumba kile mvua ikinyesha.

Sasa nije kwa Nyongesa. Huyu alikuwa mtaalamu kijana ofisini kwetu, na wiki hiyo alikuwa amerudi kutoka semina ng'ambo akiwa na suti mpya na hadithi ambayo hakuchoka kuisimulia.

"Walinivisha kofia, Mama Makau. Kubwa kama sufuria! Ndani ina televisheni mbili ndogo, moja kwa kila jicho, na inaendeshwa na kompyuta. Mara nikajiona niko juu ya jabali, chini ni bonde. Najua niko ofisini, najua kuna zulia, lakini nilipiga magoti nikakumbatia mguu wa meza!"

"Mbele ya wazungu?"

"Mbele yao wote! Na mmoja akaniambia siku moja watatumia hiyo kofia kuwaonyesha watu ukame na mafuriko kabla hayajafika, mtu ajisikie yuko ndani yake. Kwa sababu sisi tunawapa watu milimita, Mama Makau. Nani umewahi kumwona analia kwa sababu ya milimita?"

Nilimsimulia Mutie jioni hiyo hiyo. Mutie ni mchongaji. Twiga na vifaru wake hupelekwa soko la Gikomba na kutoka hapo huenda wasikokujua hata wao. Alinisikiliza akiendelea kulainisha shingo ya twiga, kisha akauliza swali moja tu.

"Hiyo kofia inashikwa na nini, masikio au pua?"

Nikajua tayari ameshaanza.

Siku nne hakuchonga mnyama. Alichukua gogo la mjakaranda ambalo lilikuwa bado halijakauka vizuri, maana mvua haikuwa na subira nasi, akalichimba ndani kwa tezo hadi likatosha kichwa cha mtu, kuanzia utosini hadi juu ya mdomo. Mbele akaliongeza sanduku refu. Mahali pa macho alitia miwani miwili ya kukuzia herufi aliyoinunua kwenye mitumba. Na ndani ya sanduku, jamani, alichonga mtaa wetu! Kichochoro chote, nyumba kwa nyumba, milango mipana kama ukucha, kinyozi ya Kabiru, duka lenyewe na kibao chake, kamba za nguo zenye nguo. Juu kulikuwa na balbu ya tochi na betri mbili. Chini kulikuwa na karatasi ya nailoni ya rangi ya chai ya maziwa, ambayo ukizungusha mkono wa chuma uliotokeza pembeni, ilipanda polepole katikati ya nyumba mpaka ikazimeza. Majirani walipouona ukiwa juu ya stuli, mrefu na mviringo, wakauita Mzinga, kwa kuwa ulifanana na mizinga ya nyuki tunayotundika kwetu. Jina likashika.

Jumamosi tukafungua. Mtu alikaa kwenye stuli kando ya ukuta wa Qamar, miguu ndani ya karai la maji baridi, Mzinga kichwani. Mutie alizungusha mkono. Mimi nilikuwa hali ya hewa: mkono huu nina kopo lenye matundu nikimnyunyizia mtu maji kichwani na mabegani, mkono huu natikisa kipande cha bati. Ngurumo zangu zilisikika hadi barabara ya Outer Ring. Nilikuwa nimezaliwa kwa kazi ile na sikujua.

Kabiru alikuwa wa kwanza. Alitoka mle ndani akipiga makofi, maji yakimchuruzika shingoni.

"Manze, hii kitu ni noma! Nimeona kinyozi yangu ikibebwa na maji, na kibao, na kila kitu! Mama Makau, nipige ingine!"

Basi kukawa na foleni. Watu walipiga mayowe, walinyanyua miguu, dada mmoja wa kwaya aliimba. Kila mtu alitafuta nyumba yake kwanza, na akiiona anafurahi kama amekutana na ndugu. Kisha lawama zikaanza. Kwa nini Mutie hajanichongea antena? Kwa nini mlango wangu ni wa buluu wakati nimeupaka kijani tangu Pasaka? Mama mmoja alirudi mara tatu ili aone suruali ya mumewe ikielea. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ilipofika jioni nilitazama huku na huku, nikaona hakuna hata mmoja aliyeshika jembe wala kuutazama mtaro, na kicheko kikanikauka.

"Umechonga mtaa mzuri mno," nikamgombeza Mutie. "Mpaka maua madirishani! Nani alikutuma maua?"

"Sijui kuchonga kitu kibaya," akasema kwa huzuni.

"Halafu mtu anautazama kutoka juu, kama mwewe. Mwewe analoweshwa na nini?"

Niliyasema kwa hasira tu. Nilikuwa sijajua bado kwamba nimesema jambo la maana.

Jumapili nilikwenda kwa Qamar nikiwa nimevunjika moyo. Akanipa chai ya iliki, nikakaa ukingoni mwa kitanda cha Bilan, nikainama kuweka kikombe chini. Nikiwa nimeinama hivyo niliona kile ambacho Bilan angekiona kama angekuwa na macho: ndara zake mbili za patipati, thamosi, sakafu, na mwanga mwembamba chini ya mlango. Basi. Dunia nzima ya Bilan ilikuwa hapo. Nikaruka nikamwaga chai.

"Mama Bilan, naomba Mutie aje alale kitandani kwako saa moja hivi. Ni ya kazi."

Bilan alicheka taratibu. "Mwache alale. Tangu nifiwe, hakuna mwanamume aliyeniomba hivyo."

"Hooyo!" Qamar akamkemea, akimwita mama kwa Kisomali, uso ukiwa moto, nasi watatu tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Mutie akalala, akatazama, akarudi nyumbani. Aliung'oa mtaa wake mzuri kutoka ndani ya Mzinga na kuweka kitu kimoja tu: chumba kile, kwa kimo cha mto wa Bilan. Ukizungusha mkono, maji yanaingia chini ya mlango. Yanachukua patipati moja, kisha ya pili. Kisha thamosi inaanguka. Kisha yanakuja kwako. Nilipouvaa mimi, niliyechapa ilani nzima bila kutetemeka, nililia.

Wiki nzima tukaonyesha kila jioni. Watu walipungua kelele, lakini walipungua pia wenyewe. Wengi walitaka suruali irudi. Na Mzee Ndolo hakuja hadi Jumamosi, akitokea soko la Burma alikokwenda kuagiza nyama ya ntheo, maana mbuzi peke yao wasingetosha watu wake. Alikuwa na kofia, koti na furaha tele.

"Nasikia mna sinema," akasema.

Mutie alitazama masikio yale, akatazama Mzinga. "Baba Nthambi, utakubana kidogo."

"Sukuma!"

Tukasukuma. Masikio yaliingia kwa zamu, la kushoto kwanza. Nikamwaga maji, nikapiga radi, Mutie akazungusha. Watu wakasogea.

"Mbona hakuna nyumba?" Ndolo akauliza kutoka ndani. "Naona patipati tu... Hee, inaenda! Na ya pili! Nani ataziokota?... Jamani, thamosi!" Akatoa miguu yake miwili kwenye karai, akaikunja kifuani. Watu wakapiga makofi. Moyo wangu uliruka, nikasema leo tumeshinda. Kisha Mzee Ndolo akashusha miguu na kusema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Kazi safi sana, Mutie. Haya nitoeni, nikamwone muuza mbuzi."

Nilitaka kumpiga kwa bati.

Lakini Mzinga haukutoka. Mutie alivuta, haukutoka. Kabiru akashika mabega na Mutie akashika Mzinga, wakavutana kama watoto wanaogombea mto, haukutoka. Tukapaka sabuni, tukapaka mafuta ya mgando, Ndolo akiteleza kila mahali isipokuwa pale palipotakiwa.

"Mzee," Kabiru akasema, "nikikunyoa kuanzia chini?"

"Uninyoe nini? Nina upara!"

Mutie akapitisha vidole kwenye ukingo wa mti, akaunusa, akaninyooshea kidole kimoja kuelekea kwenye kopo langu lenye matundu. Nikaelewa. Mjakaranda ule mbichi ulikuwa umekunywa mvua yangu wiki nzima, ukavimba kama mlango wa mbao msimu wa masika.

"Utaachia ukikauka polepole kivulini," akasema. "Juani utapasuka."

"Acha upasuke!"

"Utapasukia sikioni, Baba Nthambi. Au nilete tezo?"

"Tezo isikaribie kichwa changu! Kivulini, haraka!"

Kivuli kilichokuwa karibu, chumba baridi kuliko vyote katika kichochoro, kilikuwa kile cha Bilan. Mutie alitoa betri ili joto la balbu lisiuharibu mti. Mimi na Qamar tukamshika Mzee Ndolo mkono huku na huku, gizani mwake, tukampandisha kizingiti na kumkalisha kwenye stuli kando ya kitanda.

"Ni nani anapumua hivyo?" Bilan akauliza.

Nikafungua mdomo nimtambulishe. Qamar akanifinya. Nikasubiri Ndolo ajitambulishe mwenyewe, lakini nadhani aliona haya kuwa mtu mzima mwenye mzinga kichwani.

"Ni mgeni, hooyo," Qamar akasema. "Haoni."

"Maskini. Karibu, kijana. Macho yamekwenda lini?"

"Leo, mama," Ndolo akajibu kwa unyonge. "Mchana huu."

"Pole sana. Siku ya kwanza ni mbaya. Utazoea." Bilan alitafuta mkono wake hewani mpaka akaupata, akaupiga piga. "Nikufundishe. Sasa mikono ndiyo macho. Shusha mkono chini. Unagusa nini?"

"Sakafu."

"Ikoje?"

"Baridi. Kavu."

"Basi leo ni siku njema. Mimi Qamar akitoka asubuhi hushusha mkono hivyo hivyo. Mwezi wa tano niliushusha nikagusa maji. Nikautoa. Nikahesabu hadi mia, nikaushusha tena, haukufika mbali kama mara ya kwanza. Yalikuwa yamepanda kunifuata."

Mzee Ndolo alikuwa ameacha kuhangaika na Mzinga.

"Ukafanya nini, mama?"

"Nifanye nini na miguu hii? Niliita. Mvua ilikuwa inapiga mabati, sauti yangu haikufika mlangoni. Nikahesabu mia nyingine. Nilihesabu mia nyingi siku ile, kijana. Mvua ya zamani ilikuwa na adabu, ilibisha hodi. Hii ya sasa inakuja siku isiyo yake na inaingia tu." Kisha akauliza kwa wema, kama mtu anayebadilishana habari na mgonjwa mwenzake, "Na wewe unakaa wapi?"

"Hapa... hapa juu kidogo."

"Kwako ukishusha mkono, maji hufika wapi?"

Mzee Ndolo alishusha mkono tena, akaipapasa sakafu.

"Kwangu hayafiki, mama."

"Alhamdulillahi!" Bilan akasema, na alifurahi kweli, uso wake wote ulifurahi. "Angalau mmoja wetu."

Qamar aligeuka akatazama ukuta. Mimi nilijifuta kwa kanga. Kutoka ndani ya Mzinga tukasikia pua ikivutwa, mara moja, mara mbili, na Mutie, fundi hadi mwisho, akaninong'oneza kwa wasiwasi, "Asilie. Atauvimbisha tena."

Uliachia saa kumi na moja. Masikio yalitoka mekundu kama nyanya. Mzee Ndolo hakwenda kwa muuza mbuzi. Alimuaga Bilan, akamshukuru kwa masomo, akatoka. Robo saa baadaye tukasikia nyundo.

Tulipofika alikuwa amevua koti. Makochi saba yalikuwa nje kichochoroni na vitambaa vyake, na Nthambi alikuwa amekaa juu ya moja, mkono kinywani, hajui kama acheke au alie. Sakafu nyekundu ilikuwa imepasuka katikati.

"Baba, na wakwe?" akauliza.

"Wakwe wana miguu," Ndolo akasema, akapiga nyundo tena. "Wataruka."

Lakini mtaro ulikuwa mrefu, na takataka za miaka kumi si za mtu mmoja. Hapo ndipo Mzee Ndolo alipotushinda sote. Hakuhubiri wala hakugusa Mzinga. Aliapa hatauona tena karibu na kichwa chake. Alichukua kitambaa cha kochi, akamfunga Kabiru macho, akamwongoza kwa mkono hadi kwa Bilan, akamkalisha kwenye stuli. "Shusha mkono," akamwambia, akatoka kuendelea na nyundo. Kabiru alirudi baada ya dakika kumi, hana mzaha hata kidogo, akauliza majembe yako wapi. Kisha akafungwa dada wa kwaya. Kisha mama wa suruali. Siku ya pili, Jumapili baada ya ibada, nusu ya kichochoro ilikuwa imepita kwenye stuli ile na nusu hiyo ilikuwa ndani ya mtaro hadi magotini, ikiimba.

"Qamar," Bilan alimwuliza binti yake jioni ile, "Umoja kumeingia ugonjwa gani wa macho?"

Mvua ilikuja Oktoba kama nilivyoichapa. Ilinyesha, ikapumzika kidogo, ikanyesha tena. Nilipita mbele ya kinyozi ya Kabiru kila jioni nikiwa na mwavuli wangu, polepole, nikimsubiri aseme kitu. Alisema "Sasa, Mama Makau" kwa heshima kubwa. Nikaridhika.

Na tarehe nane Novemba wakwe wakafika.

Sijahudhuria ntheo kama ile, na sitahudhuria nyingine. Katikati ya sebule ya Mzee Ndolo, kutoka ukuta hadi ukuta, mtaro ulikuwa wazi na maji ya rangi ya chai yakipita kwa ngurumo. Juu yake kulikuwa na ubao mmoja. Wakwe walikaa ng'ambo ya pili kwenye makochi manne, sisi ng'ambo hii kwenye matatu, na wazee wa pande zote mbili wakajadiliana kwa kupiga kelele, mikono masikioni.

"Tumesema mbuzi WATATU!" mzee wa upande wao akapaza sauti.

"Kweli ni KITU?" mjomba wa Nthambi akajibu.

"WATATU!"

"Tumesikia ni kitu, lakini kitu GANI?"

Mbuzi wenyewe walikataa ubao. Mmoja alikaa chini kabisa, akatutazama. Mwishowe bwana harusi akavua viatu, akambeba mbuzi begani, akavuka hatua kwa hatua huku Nthambi akiziba macho na akina mama wakipiga vigelegele, akafika kwetu, akarudi kumchukua wa pili. Mzee Ndolo alisimama kwenye ukingo wa sakafu yake iliyovunjika, akimpokea kila mbuzi kwa mikono miwili, akicheka hadi machozi. Nyongesa, niliyemwalika kwa kuwa yote yalianza na kofia yake, aliyakodolea macho maji yale na kuanza kukadiria milimita. Nikamwambia anyamaze ale.

Ndipo radi ikapiga, ya kweli, na mvua ikazidi. Mabati yakawa kelele tupu. Nilitazama mtaro nikaona maji yamepanda hadi chini ya ubao, kidole kimoja tu kikiwa kimebaki. Qamar alikuwa kando yangu na sahani ya nyama. Aliiweka chini. Tukakimbia.

Kichochoroni sikuona mbele. Niliteleza, nikainuka, nikapoteza kiatu. Maji yalikuwa yakikimbia kando ya mlango wao yamejaa hadi ukingoni mwa mtaro, na nilikuwa nimeshaanza kuomba kwa sauti, nikimwita Mungu kwa Kikamba na Kiswahili. Qamar akausukuma mlango.

Bilan alikuwa amelala ubavu, hajatikisika. Mkono wake ulikuwa umening'inia kutoka kitandani hadi chini. Kwa macho yangu yaliyojaa mvua sikuweza kujua vidole vile vilikuwa ndani ya nini.

"Hooyo!" Qamar akalia.

Vidole vikasogea. Vikapapasa saruji huku, vikapapasa kule, vikainuka na kusuguana.

"Vumbi," Bilan akasema. "Qamar, hukufagia leo?"